Saa nane usiku, mtoi analia na maziwa "imekataa": Hii stori ungefaa kuiskia ukiwa bado na ball

Picha ni hii. Saa nane usiku, keja ya Pipeline, mtoi ako na siku mbili duniani. Amelia tangu saa mbili. Ananyonya, analala dakika kumi, anaamka, anaanza tena. Matiti bado ni laini, ukikamua unapata matone mawili ya njano. Jirani ashagonga ukuta. Mzee wako amekaa kando ya kitanda na simu mkononi, hajui ashike nini. Halafu mama mkwe, mwenye aliingia jana kutoka ushago na gunia ya waru, anasema ile kitu kila mtu kwa hiyo keja alikuwa anaogopa kusema.

"Mwanangu, huyu mtoto ana njaa. Wewe huna maziwa. Si tumkorogee hata kauji kepesi?"

Hajasema kwa ubaya. Anampenda mjukuu wake. Lakini hapo ndio mambo ya kunyonyesha huharibikia, na huwa imeharibika kabla kupambazuke. Asubuhi mzee anatumwa duka, anarudi na mkebe wa fomula. Mtoi anakunywa, analala masaa matatu. Kila mtu anapumua. "Si mliona? Alikuwa na njaa." Na yule mama mpya, hata kama hakuna mtu amemtusi, anaandika kwa roho yake: mimi siwezi.

Sasa skiza. Mara nyingi, huyo mama hakuwa na shida yoyote. Alikosa tu habari, na hiyo habari ingemfikia miezi mitatu kabla, akiwa amekaa kwa benchi ya kliniki akingoja kupimwa presha.

Kwani nini ilikuwa inaendelea?

Mwili huanza kutengeneza maziwa ukiwa bado na ball, karibu katikati ya mimba. Hiyo ya kwanza, nzito na ya njano, inaitwa dang'a. Huwa kidogo juu ndivyo inafaa kuwa. Mtoi wa siku moja hukunywa kama kijiko kimoja cha chai kila akinyonya, basi. Tumbo yake haina place ya kuweka zaidi. Hayo matone mawili yenye yalikuogopesha ni chakula yake, na imejaa kinga ya magonjwa.

Maziwa mengi, ile nyeupe umezoea kuona, huingia kati ya siku ya pili na ya tano. Kenye huanzisha ni kondo la nyuma kutoka. Likitoka, homoni zenye zilikuwa zinazuia maziwa zinashuka, na homoni ya kutengeneza maziwa, prolaktini, inapata njia. Ikiwa ulijifungua kwa upasuaji, ulipoteza damu mingi ama leba ilikuwa ndefu sana, inaweza kuchelewa kidogo. Kuchelewa na kukosa si kitu moja.

Na kwa nini mtoi analia usiku wa pili hivyo? Amekaa miezi tisa mahali kuna joto, giza na mdundo wa moyo wako. Sasa ako nje, kuna baridi na kelele. Anataka kifua. Kunyonya kila saa pia ndio njia yake ya kuita maziwa ikuje.

Fikiria kibandaski ya chapo. Mathe wa chapo hukanda unga kulingana na wateja. Wakijaa leo, kesho anakanda zaidi. Wakianza kula kwingine, anapunguza, juu hataki hasara. Matiti hufanya hivyo hivyo. Mtoi akinyonya mara nyingi, mwili unasoma "oda imeongezeka". Ukimpa mkebe, huyo ni mteja ameenda kibanda ingine. Kesho unga inakandwa kidogo, maziwa inapungua kweli, halafu unaambiwa, "Si tulikwambia huna maziwa?"

Hapo ndio uoga hujitimizia. Na kuna kitu ingine. Maziwa kutoka inategemea homoni ya pili, oksitosini. Hii hupenda utulivu. Ukiwa na uchungu, uoga ama stress ya watu wamekuzunguka wakikuangalia kifua, inachelewa. Maziwa iko ndani, mlango ndio haufunguki haraka. Kwa hivyo kuamini ama kutoamini kwamba unaweza kunaingia mpaka kwa venye maziwa inatoka.

Nambari za kutoka mtaani

Usidhani hii ni stori ya keja moja. Watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti chenye makao hapa Nairobi, walifuata watoi wa Korogocho na Viwandani. Ripoti yao ya 2011 ilishtua watu. Karibu kila mama alikuwa amenyonyesha. Lakini watoi asilimia 40 walipewa kitu ingine ya kunywa ndani ya siku tatu za kwanza. Siku tatu! Na wenye walifika miezi sita wakiwa kwa maziwa ya mama pekee, bila maji, bila uji, walikuwa karibu asilimia 2.

Baadaye, kwa hizo mitaa mbili, wahudumu wa afya wa kujitolea walifunzwa na kutumwa kwa manyumba. Si kuenda kuhubiri. Walianza kutembelea mama akiwa na mimba, wakaendelea mpaka mtoi afike mwaka moja. Wanakaa, wanaongea, wanaangalia venye mtoi anashika titi, wanajibu maswali ya shosho pia. Matokeo yalitoka 2017: karibu asilimia 55 walifika miezi sita.

Sasa ukweli wote. Kwa huo utafiti kulikuwa na kikundi cha kulinganisha, na chenyewe kilifika karibu hapo hapo. Hao pia walitembelewa na wahudumu wa serikali na wakapata vijitabu, kwa hivyo hatuwezi kupea programu moja sifa zote. Lakini mitaa ilikuwa ile ile, rent ile ile, maji ya mitungi ile ile. Ukiniambia mama wa ghetto hawezi juu ya maisha ngumu, nitakuonyesha hiyo 2 na hiyo 55.

Kenya nzima pia ilisonga. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2008/09 ulipata asilimia 32 ya watoi wa chini ya miezi sita wakinyonya pekee. 2014 ikapanda hadi 61. 2022 ikawa 60. Yaani tulipiga hatua kubwa, halafu tukasimama.

Kujiamini inatoka wapi?

Wengi wetu tunadhani kujiamini ni kitu unazaliwa nayo. Kuna madem wako confident, wengine hawako, basi. Mwanasaikolojia Albert Bandura, mwaka wa 1977, alieleza tofauti. Alisema ile imani ya "hii kazi naweza" hujengwa, na kuna njia nne. Mtafiti wa uuguzi kutoka Kanada, Cindy-Lee Dennis, akachukua hiyo hoja akaileta kwa kunyonyesha. Alitengeneza maswali ya kupima kujiamini kwa mama. Toleo fupi, la 2003, lina maswali 14, na kila jibu lina alama 1 hadi 5. Tafiti nyingi zimetumia hayo maswali, na kenye hurudi kila mara ni kwamba mama mwenye anajiamini zaidi hunyonyesha kwa muda mrefu zaidi.

Hizo njia nne, tukizileta hapa mtaani, ziko hivi.

Ya kwanza ni kuwahi kufanya. Kama hii ni ball yako ya kwanza, hapo huna kitu. Lakini unaweza kufanya mazoezi. Chukua mdoli, ama hata taulo umekunja, na ujifunze kumbeba: tumbo yake kwa tumbo yako, kichwa na mgongo kwa mstari moja, yeye aletwe kwa titi, si wewe uinamie. Mwambie sista akuonyeshe venye mkono hukamua, na ujaribu kwa soksi iliyojazwa nguo. Inakaa mchezo. Saa nane usiku mikono yako itakumbuka. Lakini usianze kukamua matiti yako mwenyewe ukiwa na mimba kabla kuuliza kliniki, juu kuna mimba zenye hazitaki kuchokozwa mapema.

Ya pili ni kuona mtu kama wewe akifanya. Wengi wetu tumelelewa Nairo, na kunyonyesha tunaona kwa mat tu, chini ya leso. Hujawahi kuona karibu venye mtoi anafungua mdomo. Tafuta beshte ama dada mwenye ananyonyesha na umwombe ukae naye mchana mmoja. Muulize siku yake ya tatu ilikuwa aje. Utashangaa vile karibu kila mtu alilia.

Ya tatu ni kuambiwa na mtu unaamini. Hapa ndio sista wa kliniki, mhudumu wa afya wa mtaa na mathe wako wana nguvu mingi. "Unafanya vizuri, endelea" ikitoka kwa mdomo sahihi inaweza kubeba wiki mbili.

Ya nne ni venye mwili unaskia. Ukiwa na uchungu, njaa na usingizi, akili inasoma hiyo kama "nimeshindwa". Ukijua mapema kwamba uchovu utakuja, hautaupa hiyo maana. Na ukipanga nani atapika, nani atafua, nani atabeba mtoi akishashiba, unapunguza mzigo wenyewe.

Somo lenyewe: mambo manne ya kushika kabla leba

Moja, saa ya kwanza. Mtoi akizaliwa na nyote mko sawa, awekwe uchi kwa kifua yako, ngozi kwa ngozi, na aanze kunyonya ndani ya saa moja. Hii iko kwa hatua kumi za WHO na UNICEF za kusaidia kunyonyesha, zenye zilitoka 1989 na zikaboreshwa 2018. Na kwa hizo hatua, ya tatu ni hii tunaongea: kumfunza mama na familia wakati wa mimba. Kama ni upasuaji, bado inawezekana ukiamka vizuri. Uliza mapema.

Mbili, venye anashika titi. Hii ndio mwanzo wa uchungu mwingi. Ngoja mdomo ufunguke wazi kama anapiga miayo, halafu mlete haraka. Ashike chuchu pamoja na sehemu kubwa ya ile duara nyeusi, hasa upande wa chini. Kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umegeuka nje, mashavu yamejaa, na unaskia anameza. Kuvuta kidogo mwanzoni ni kawaida. Uchungu wa kukufanya ukunje vidole vya miguu, chuchu kupasuka na kutoka damu, hiyo si "uvumilivu wa mama". Ingiza kidole safi pembeni ya mdomo wake, mtoe, jaribu tena, na uitishe msaada.

Tatu, mara ngapi. Mtoi mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa masaa 24. Na hazigawanywi sawa. Jioni anaweza kunyonya mara tano mfululizo. Usiku usirukwe, juu prolaktini huwa juu usiku.

Nne, venye utajua ameshiba. Hii ndio silaha yako dhidi ya "huna maziwa", kwa hivyo isome mara mbili. Titi halina alama za mililita kama chupa, lakini daipa haidanganyi. Siku za kwanza choo ni nyeusi kama lami. Kufikia kama siku ya tano kinakuwa cha njano, mara tatu au zaidi kwa siku, na mkojo ni mara sita au zaidi, usio na rangi kali. Uzito pia. Watoi wengi hupoteza kidogo siku za kwanza, hadi kama asilimia 7 mpaka 10, halafu wanaurudisha ndani ya wiki mbili hivi. Kulia peke yake si kipimo. Titi kuwa laini si kipimo. Kukamua ukapata kidogo si kipimo, juu mtoi anavuta kuliko mkono. Mtoi kukunywa fomula na kulala pia si kipimo, juu fomula hukaa kwa tumbo zaidi.

Sasa rudi kwa ile keja ya Pipeline. Mama mkwe anasema huna maziwa. Wewe unasema, "Mama, leo amekojoa mara mbili, na choo imeanza kubadilika rangi. Ako na siku mbili, hivyo ndivyo inafaa. Nisaidie unishikie chai nimweke tena." Hakuna vita, hakuna matusi, na mama mkwe amepata kazi ya kufanya.

Shosho, mzee na zile stori za mtaa

Kuna stori utaambiwa na watu wenye wanakupenda. Tuzipitie haraka.

Matiti madogo hayana maziwa? Si kweli. Ukubwa ni mafuta, maziwa hutengenezwa na kitu ingine.

Mtoi apewe maji juu ya jua? Hapana. Maziwa ya mama ni maji zaidi ya asilimia 85. Maji ya kando, glukosi, gripe water na uji vinajaza tumbo ndogo, na maji chafu huleta kuhara.

Njahi, supu ya mifupa na uji wa wimbi vinaleta maziwa? Kula kabisa, juu mwili wako unahitaji chakula na vya kunywa. Lakini bila mtoi kunyonya, hata sufuria nzima ya njahi haitaleta maziwa. Na ukikosa njahi, maziwa bado itakuja.

Ukigombana na mtu ama ukikaa bila kunyonyesha siku moja, maziwa inaoza ndani? Haiozi. Stress inaweza kuchelewesha kutoka tu. Kamua kidogo ama mweke mtoi, endelea.

Jicho baya ukinyonyesha kwa watu? Kama hauko huru, tumia leso. Lakini usimnyime mtoi.

Kitu ya maana zaidi kuliko kubishana ni kuwaleta hawa watu kliniki. Shosho alilea watoto saba na hatakubali kufunzwa na wewe. Lakini akikaa na sista akaelezwa hiyo stori ya tumbo kama kijiko, atarudi nyumbani akiwa mlinzi wako. Mzee naye aje. Sheria ya ajira inampa mwanamume wiki mbili za likizo mtoi akizaliwa. Hiyo haikuwa ya kuangalia mechi. Kazi zake ni hizi: kubadilisha daipa na kuhesabu, kukuletea maji kila ukikaa kunyonyesha, kumtoa hewa mtoi, na kuambia wageni kwa heshima kwamba mama amelala.

Kliniki: benchi uko kwayo tayari

Kulingana na ule utafiti wa kitaifa wa 2022, asilimia 98 ya akina mama Kenya huonana na mhudumu mwenye ujuzi angalau mara moja wakiwa wajawazito, na asilimia 66 hufika mara nne au zaidi. WHO husema iwe mara nane. Yaani watu wako kwa benchi tayari. Shida ni kwamba foleni ni ndefu, sista ni mmoja, unapimwa presha, unachotwa damu, unaambiwa "utanyonyesha miezi sita", next. Hiyo ni amri. Haijakufunza kitu.

Kwa hivyo enda na maswali yako yameandikwa kwa simu:

1. Nikijifungua hapa, mtoi atawekwa kwa kifua yangu baada ya muda gani? Na nikifanyiwa upasuaji je?
2. Unaweza kunionyesha, hata kwa mdoli, venye mtoi anashika titi?
3. Nani ataniangalia nikinyonyesha kabla nitoke wodi?
4. Nikikwama nyumbani usiku, nipigie nani? Mhudumu wa afya wa mtaa wangu ni nani?
5. Dawa zenye natumia ziko sawa nikinyonyesha? Na chuchu zangu zimeingia ndani, kuna shida?

Hiyo ya mwisho wengi huona aibu kuuliza. Watoi wengi wananyonya vizuri hata chuchu zikiwa hivyo, juu wanashika titi, si chuchu pekee. Bora uambiwe hivyo wiki ya 30 kuliko uanze kujiuliza ukiwa na mtoi mkononi.

Kile kitabu cha mama na mtoto unabeba kila kliniki pia kina kurasa za kunyonyesha. Wengi tunakifungua tu kuona tarehe ya kurudi. Kisome kwa mat.

Na hustle je?

Hapa tusidanganyane. Wengi huacha juu kazi inaita. Sheria iko: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo na mshahara kamili. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyesha kazini na akupe muda wa kunyonyesha ama kukamua, hadi saa moja kwa kila masaa nane. Ongea na bosi ukiwa bado na ball, na uandike barua ama email. Ukirudi ndio uanze kuomba, umechelewa.

Lakini mama mwenye anafua nguo za watu Eastleigh ama anauza sukuma Githurai hana HR wa kuandikia. Kwake, kujifunza kukamua kwa mkono ni pesa. Haitaki mashine. Nawa mikono, tumia kikombe safi chenye kifuniko, kamua asubuhi kabla utoke. Maziwa hukaa sawa kama masaa manne nje kwa joto la kawaida ya nyumba, na mpaka siku nne kwa friji. Mwenye atabaki na mtoi ampe kwa kikombe kidogo, polepole. Kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa.

Linganisha na mkebe. Ile ya gramu 400 huisha ndani ya wiki moja, mara nyingi hata haimalizi, na bado unahitaji maji safi, moto wa kuchemsha na vyombo. Watu wakibanwa huanza kuongeza maji ili unga udumu, na hapo mtoi anakonda. Kenya iliona hii hatari mpaka ikatunga sheria mwaka wa 2012 ya kuzuia matangazo ya maziwa ya watoi. Ukipewa sampo ya bure kwa kliniki, jua kuna mtu anavunja sheria.

Kuna wakati si mambo ya kujiamini

Hii ni muhimu, na mara nyingi husahaulika. Kuna akina mama wenye maziwa yao kweli ni kidogo: waliofanyiwa upasuaji wa matiti, wenye shida za homoni ama tezi, wenye kipande cha kondo kilibaki ndani, wenye walivuja damu sana. Hao wanahitaji daktari. Kuwaambia "jiamini tu" ni ukatili. Na ikiwa mtoi wako alihitaji fomula kwa maagizo ya daktari, hakuna mtu anafaa kukushtaki, hata wewe mwenyewe. Kwa watoi wagonjwa ama waliozaliwa kabla ya wakati, hospitali ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama 2019, ya kwanza Kenya.

Mama mwenye anaishi na virusi vya ukimwi pia ananyonyesha. Mwongozo wa Kenya ni ARV kila siku bila kukosa, maziwa ya mama pekee miezi sita, halafu chakula pamoja na kunyonya mpaka miaka miwili, na mtoi apewe dawa ya kinga. Ongea na kliniki yako mapema.

Kimbia hosi ukiona mtoi amelala sana haamki kunyonya, amekuwa wa njano, ana joto kali, hakojoi, ama uzito haujarudi baada ya wiki mbili. Wewe pia, ukipata homa na sehemu ya titi imekuwa ngumu, nyekundu na ya moto. Usiache kunyonyesha ukiwa njiani kuenda, juu kutoa maziwa husaidia. Na kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, hutaki kumwangalia mtoi ama hutaki kuishi, ambia mtu leo. Hiyo ni ugonjwa, na inatibika.

Saa nane usiku, mara ya pili

Keja ni ile ile. Jirani bado anagonga ukuta. Mtoi bado analia, juu hakuna somo litazuia mtoi wa siku mbili kulia. Matone bado ni mawili, ya njano.

Lakini mzee amehesabu daipa na ameandika kwa simu. Mama mkwe alikuja kliniki mwezi jana, kwa hivyo badala ya uji ameleta chai na mto wa kuegemea mgongo. Namba ya mhudumu wa mtaa iko kwa ukuta, karibu na swichi. Na wewe umechoka kufa, unalia kidogo, lakini unajua kenye kinaendelea kwa mwili wako. Unamgeuza mtoi, tumbo kwa tumbo, unangoja mdomo ufunguke wazi.

Kama uko na ball saa hii ama uko na beshte mwenye ako nayo, mtumie hii stori. Kliniki yake iko lini?